Seve Ballesteros, Bingwa wa Fimbo Moja



Nilipotaja katika kikao cha Chama cha Kiswahili kwamba mwaka huu nitaandika maisha ya mcheza gofu, wenzangu waliangua kicheko. Gofu? Mchezo wa matajiri wenye vitambi na magari! Mmoja akauliza kama hapa Munje kuna nyasi za kuwatosha mbuzi, sembuse za gofu. Nikanyamaza, kwa maana anayecheka hasikii. Majibu yangu ni haya, na nimeyaandika ili nisikatizwe.

Ninayemwandika aliitwa Severiano Ballesteros Sota, dunia ikamfupisha ikamwita Seve. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 katika kijiji cha Pedreña, kaskazini mwa Uhispania, na akafa papo hapo Pedreña tarehe 7 Mei 2011, wengi wetu tukiwa hatujazaliwa au tuko mgongoni mwa mama zetu. Kijiji hicho kiko ukingoni mwa ghuba, na mji wa Santander uko ng'ambo. Watu wake waliishi kwa ng'ombe, shamba na bahari, na maji yakipwa walitoka kuchokoa chaza mchangani. Ondoa baridi, weka minazi, hapo ni Munje.

Baba yake, Baldomero, alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wachache. Gofu iliingia nyumbani kwa upande wa mama, Carmen Sota, kwa sababu ndugu yake Ramón Sota alikuwa mchezaji wa kulipwa. Mjomba huyo si mtu wa kupuuzwa, maana mwaka 1965 alimaliza wa sita katika mashindano makubwa ya Masters huko Marekani. Seve alikuwa kitindamimba, na kaka zake watatu, Baldomero, Manuel na Vicente, wote waliushika mchezo huo kama kazi.

Sasa msije mkadhani walikuwa wanachama wa klabu. La hasha! Kijijini kwao kulikuwa na uwanja wa gofu wa wenye mali, na kijana wa Pedreña aliingia humo kwa mlango mmoja tu, nao ni mlango wa kubeba mifuko ya fimbo za wakubwa. Kubeba aliruhusiwa. Kucheza je? Thubutu! Hapo ndipo kisa chake kilipoanza kuniuma, maana ni kisa chetu pia. Wakati wa ukoloni klabu za gofu za Kenya zilikuwa za Wazungu, na Mwafrika aliingia na mfuko begani. Ile ya Mombasa, inayotazama bahari kule Mama Ngina ukishavuka feri ya Likoni, imekuwapo tangu 1911. Hebu pigeni hesabu ni miaka mingapi ilipita kabla mwenyeji kupiga mpira pale kwa haki yake mwenyewe. Hata leo, nendeni Diani kwenye uwanja wa mashimo 18, mtawakuta vijana wa Kwale wamejitwika mifuko ya wageni. Huitwa makedi. Mjomba wangu ni mmoja wao, na mengi ya ufundi nitakayoyataja hapa nimeyapata kwake, jioni, akiwa amenyoosha miguu barazani.

Kwa wasioujua mchezo, niueleze kidogo. Mchezaji hupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni, kisha huenda shimo la pili, la tatu, hadi la 18. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, kwa hivyo katika gofu, kinyume na mtihani wa Hisabati, alama ndogo ndiyo sifa. Mpira hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na shimo lina upana wa milimita 108, kitu cha kukizibia kwa kifuu kimoja. Sheria inamruhusu mtu kubeba fimbo 14 na zisizidi. Iko ya kupiga mbali, iko ya kuinua mpira juu, iko ya kutokea mchangani, na iko ya kuusukuma mpira polepole ukishafika karibu na shimo.

Seve alikuwa na moja.

Hiyo moja nayo haikuwa nzima. Alianza na kichwa kikuukuu cha fimbo ya chuma nambari tatu, akakitafutia mti wa kukichomeka. Mipira hakuwa nayo, basi akaokota vijiwe vya pwani, kama sisi tulivyocheza magongo kwa upongoo wa mnazi na kidaka. Alipokuwa na miaka minane hivi, kaka yake Manuel alimpa chuma nambari tatu kamili. Kuanzia hapo, maji yakipwa, mtoto huyo yuko ufuoni. Yakijaa, yuko malishoni. Shule aliikimbia mara nyingi ili aende kupiga mpira, na hapo simsifu, walimu wasije wakanielewa vibaya.

Hebu fikirini maana ya kuwa na nambari tatu peke yake. Uso wa fimbo hiyo haukulala sana, kwa hivyo imetengenezwa kupeleka mpira mbali na chini. Ni fimbo ngumu, hata watu wazima wengi wanaikimbia. Lakini mtoto anayecheza peke yake ufuoni hutaka kila aina ya mkwaju, wa juu, wa chini, wa kukunja kushoto, wa kukunja kulia. Akitaka uende juu, ilimbidi aulaze uso wa fimbo nyuma na kuufungua. Akitaka utambae, aufunge. Akitaka uende hatua ishirini tu, akate nguvu ya mikono. Mwenye fimbo 14 hubadilisha fimbo, lakini Seve alibadilisha mkono. Mjomba ananiambia kwamba hata leo mkufunzi mwenye akili humpa mwanafunzi fimbo moja tu kwa wiki nzima na kumwambia apige nayo mikwaju mitatu tofauti. Anayetaka kujaribu, hahitaji klabu.

Ufuo nao ulikuwa mwalimu mkali. Mchanga wa maji yaliyokupwa ni mgumu, mnaujua nyinyi mnaocheza kandanda pale chini. Ukigusa mchanga kabla ya mpira, fimbo inadunda, mkono unauma na mpira hauendi kokote. Kwa hivyo Seve alijifunza kuupata mpira kwanza. Katika mitego ya mchanga iliyochimbwa uwanjani mambo hugeuka. Kule mchanga ni mkavu na laini, na siri ni kutoupiga mpira kabisa. Unafungua uso wa fimbo, unapiga mchanga vidole viwili au vitatu nyuma ya mpira, na mchanga wenyewe ndio unaourusha nje. Wachezaji wengi wakiuona mpira umetumbukia humo hunywea kama kuku aliyenyeshewa. Seve alikuwa anarudi nyumbani.

Na usiku je? Mbalamwezi ikitoka, alipenya ndani ya uwanja uleule aliokatazwa, akacheza. Mpira hakuuona ulipokwenda, ila aliujua kwa mlio wa fimbo na jinsi mikono ilivyohisi. Sijui kama iko shule bora ya mikono kuliko hiyo. Kuhusu mikono, mjomba husema kwamba kosa la kwanza la anayeanza ni kuikaba fimbo. Shika kama mvuvi anavyolishika kasia. Akilikaba, viganja vinachubuka na chombo hakiendi. Akililegeza mno, linachukuliwa na maji.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 16, aliingia gofu ya kulipwa. Mwaka 1976, akiwa na miaka 19 na Kiingereza cha kuombea maji, alikwenda Royal Birkdale, Uingereza, kwenye Open, mashindano makongwe kuliko yote ya gofu. Yalichezwa siku nne. Siku tatu zilipokwisha, kijana wa Pedreña aliongoza dunia nzima! Siku ya nne Mmarekani Johnny Miller alimpita, lakini shimo la mwisho ndilo lililobaki vinywani mwa watu. Mpira wake ulikuwa kando ya nyasi fupi, na mbele yake kulikuwa na mitego miwili ya mchanga yenye ujia mwembamba katikati. Kila mtu alingoja aurushe juu. Yeye aliutambaza chini, ukapita katikati ya mitego ile kama kaa anayerudi tunduni, ukasimama karibu na shimo. Akamaliza wa pili, sawa na Jack Nicklaus, ambaye wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote. Wanaojifunza wauangalie mkwaju huo. Ukishafika karibu na shimo na njia iko wazi, mpira unaotambaa hauna hila nyingi kama unaoruka.

Sasa nafika pale ambapo wenzangu waliocheka hawakupajua. Mwaka 1978 Seve alikuja Kenya. Alicheza Kenya Open katika uwanja wa Muthaiga, Nairobi, akashinda. Mwaka huohuo alishinda pia Marekani, Ulaya na Japani, yaani mabara manne kwa mwaka mmoja, na Afrika yetu ndani yake, akiwa hata hajafika miaka 22. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya huku kwetu, na kwa hivyo mpira husafiri mbali zaidi. Mkwaju uleule ukiupiga Diani unaanguka mapema. Mchezaji mgeni asiyelijua hilo huupeleka mpira ng'ambo ya bendera na kubaki ameduwaa.

Na kwa kuwa nimeshataja hewa, mbona mpira wa gofu una uso wa ndui? Zamani ulikuwa laini. Wachezaji wakagundua kwamba mpira uliokwaruzika kwa kupigwa sana uliruka vizuri kuliko mpya, basi watengenezaji wakaanza kuutoboatoboa kwa makusudi. Vijishimo hivyo, ambavyo kwa kawaida huwa kati ya 300 na 500, huifanya hewa iushikilie mpira karibu zaidi unapopita, na ile nguvu inayouvuta nyuma hupungua. Mpira laini hauendi hata nusu ya safari. Waulizeni walimu wa Fizikia, watawaongezea.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1979, katika Open iliyochezwa Royal Lytham, siku ya mwisho, kwenye shimo la 16, aliupiga mpira ukaenda upande hadi kwenye uwanja uliotengwa siku zile kwa kuegesha magari. Ati ndio, katikati ya magari! Sheria ilimruhusu aangushe mpira pembeni bila adhabu. Akauinua kutoka pale, ukatua juu ya nyasi za shimo, na kwa mkwaju mmoja zaidi ukaingia. Akashinda Open kwa tofauti ya mikwaju mitatu akiwa na miaka 22, na tangu Mfaransa Arnaud Massy mwaka 1907 hakuna mtu wa bara la Ulaya aliyekuwa amelitwaa taji hilo. Wenye kijicho walimwita bingwa wa maegesho. Waache waseme. Kupotea njia hupotea kila mtu, na wengi wakishapotea hubaki hukohuko. Yeye alikuwa amezoea kupiga mpira mahali pasipo njia tangu utotoni.

Mwaka 1980 akawa mtu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Masters, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 23. Mwaka huohuo, katika Open ya Marekani, alifika kiwanjani kwa kuchelewa siku ya pili na akaondolewa mashindanoni. Zilikuwa dakika chache tu! Wanaoingia paredi baada ya kengele naomba waisome sentensi hiyo mara mbili.

Hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyezuiwa mlangoni akiwa mdogo, na alipokosana na wakubwa wa mchezo hakurudi nyuma. Mwaka 1981 aligombana nao juu ya malipo ya kushiriki mashindano, wakamwacha nje ya timu ya Ulaya ya Kombe la Ryder. Kombe hilo hushindaniwa na Ulaya na Marekani, nalo lilianza mwaka 1927 likiwa la Waingereza na Wamarekani peke yao. Bara la Ulaya liliingizwa mwaka 1979, na Seve alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Waliomwacha walijuta, nadhani, kwani timu ilifungwa vibaya. Aliporudi mwaka 1983, mpira wake uliangukia katika mtego wa mchanga kwenye shimo la mwisho, akiwa mbali na bendera kiasi cha mita 220. Mtu wa kawaida hapo huchukua fimbo fupi atoke tu salama. Seve alichukua fimbo ya mbao, akaupeleka mpira mpaka ukingoni mwa nyasi za shimo. Mwaka 1985 Ulaya ikalitwaa kombe ambalo Wamarekani hawakuwa wamelipoteza tangu 1957. Yeye na kijana mwenzake wa Kihispania, José María Olazábal, walicheza pamoja mechi 15 za kombe hilo, wakashinda 11 na kushindwa mbili tu. Mwaka 1997 kombe lilichezwa Valderrama, nyumbani Uhispania, yeye akiwa nahodha asiyecheza. Alikimbia huku na huku uwanjani na kigari akimwelekeza kila mtu, hata wasiotaka kuelekezwa, na Ulaya ikashinda.

Masters aliishinda tena mwaka 1983. Mwaka 1984 alishinda Open kule St Andrews, Uskoti, mahali ambapo mwaka 1457 mfalme wa nchi hiyo alikuwa amepiga gofu marufuku kwa kuwa raia waliacha mazoezi ya upinde na mishale. Ni pale St Andrews pia ndipo mashimo yalipopunguzwa kutoka 22 hadi 18 mwaka 1764, na dunia ikafuata. Kwenye shimo la mwisho mpira wa Seve ulisita mdomoni mwa shimo, ukafikiri, ukaingia. Ile picha yake akipiga hewa kwa ngumi, uso wote meno, ndiyo aliyoifanya nembo yake.

Yalikuwapo ya kuliza pia. Machi 1986 baba yake alifariki, na mwezi uliofuata Seve aliongoza Masters hadi shimo la 15 la siku ya mwisho. Hapo aliutumbukiza mpira majini, na Nicklaus, mzee wa miaka 46, akatwaa taji. Mwaka 1988 alijibu kwa kushinda Open mara ya tatu, Lytham kulekule kwa magari, akimpita Nick Price wa Zimbabwe. Mataji makubwa yakawa matano.

Baada ya hapo mgongo, uliomsumbua tangu ujanani, ukamdai deni. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa Open ya Uhispania mwaka 1995. Aliendelea kucheza miaka mingine mingi bila kushinda, akipotea njia zaidi kila mwaka na kujiokoa mara chache zaidi, na mimi nikisoma sehemu hiyo natamani angeacha mapema. Lakini nani atamwambia mvuvi asishuke pwani? Alistaafu mwaka 2007 akiwa na ushindi mara 50 katika ziara ya Ulaya, rekodi.

Oktoba 2008 alianguka katika uwanja wa ndege wa Madrid. Madaktari walikuta uvimbe kwenye ubongo, na wakampasua mara nne. Alipopata nafuu alianzisha wakfu wa kusaidia utafiti wa ugonjwa huo. Asubuhi ile ya Mei 2011 alipofariki, Open ya Uhispania ilikuwa ikiendelea. Wachezaji waliweka fimbo chini, wakasimama kimya, na Olazábal akashindwa kuyazuia machozi mbele ya watu. Seve alikuwa na miaka 54.

Tangu 2015 uwanja wa ndege wa Santander, ng'ambo ya ghuba kutoka kijijini kwao, unaitwa kwa jina lake. Na katika orodha ya washindi wa Kenya Open, kwenye mstari wa 1978, jina lake lipo.